“Inaonekana ya bei rahisi”: kisa cha maoni ya watazamaji wa tamthilia moja ya ofisini, Kanada

Kisa hiki kilitokea Ontario. Jina la tamthilia, la kituo na la mji nimeyaondoa, biashara inayofanywa na ile ofisi ya kwenye tamthilia nimeibadilisha, na wahusika nawaita kwa kazi zao: Mtayarishaji, Mwandishi, Mhariri, Fundi Sauti. Mimi nilikuwa kibarua wa miezi michache, kazi yangu kusoma maoni ya watazamaji, kuyapanga na kuyapeleka mezani. Makosa humu yapo ya wengi, ila lile la kwanza ni langu.

Usuli

Ilikuwa tamthilia ya vichekesho, msimu wa kwanza wenye sehemu nane, kila moja dakika 22 ukiondoa matangazo. Watu sita wanafanya kazi kwenye ofisi inayouza vipuri vya mashine za kufulia. Bosi ni mwoga. Karani wa stoo anajua siri za kila mtu na hasemi. Mhasibu anamsaka mtu anayekunywa maziwa yake kwenye friji ya ofisi, mpaka anafika mahali pa kuchora mstari kwa kalamu kwenye pakiti ili ajue yamepungua kiasi gani. Hakuna kicheko cha watu kilichobandikwa. Utani wake ni wa kukaa kimya na kutazamana.

Ofisi ilichaguliwa kwa sababu ile ile inayowafanya watayarishaji wengi wenye mfuko mwembamba waipende: kila kitu kinapigwa picha mahali pamoja. Walipata ghorofa ya tatu ya jengo ambalo mpangaji wake alihama akaacha meza, viti na hata kalenda ukutani. Mwenye jengo alikuwa ameshang'oa kapeti. Hilo la kapeti liweke akilini.

Kwa msomaji asiyeijua televisheni ya Kanada, mambo mawili yatamsaidia. La kwanza ni la sheria. Ili tamthilia itambuliwe kuwa ya Kikanada na ipate nafuu ya kodi, hupimwa kwa pointi 10 na kwa kawaida lazima ifikishe 6. Mwongozaji akiwa Mkanada ni pointi 2, mwandishi 2, waigizaji wawili wakuu 1 kila mmoja, na zinazobaki wanagawana mbunifu wa seti, mpiga picha mkuu, mtunzi wa muziki na mhariri. Utaratibu huu umelea waandishi na waigizaji wengi wa nyumbani. Lakini nyota wa Hollywood hachukuliwi hivi hivi, hata kama angekubali mshahara, na kweli kati ya barua za kwanza nilizosoma ilikuwemo iliyouliza, mbona hamna hata sura moja ninayoijua?

La pili ni ujirani. Mtazamaji wa Kanada anayetazama kwa Kiingereza hana ukuta kati yake na Marekani. Anamaliza tamthilia iliyotengenezwa kule kwa fedha nyingi, anabonyeza rimoti mara moja, anaangukia kwetu. Hatupimwi kwa uwezo wetu, tunapimwa kwa kile alichokiona dakika tatu zilizopita.

Maoni yalivyoingia

Yalikuja kwa barua pepe, kwa mitandao ya kijamii, na kwa fomu tuliyoigawa kwenye jioni mbili za maonyesho katika ukumbi wa maktaba ya mtaa. Nilianza kwa kuyasoma yote bila kuandika chochote. Siku ya tatu nikachoka, nikaanza kuhesabu maneno.

Neno lililoshinda lilikuwa “bei rahisi”. Inaonekana ya bei rahisi. Kama ya wanafunzi. Kama imetengenezwa mchana mmoja. Wengine walikuwa wakali, wengine wakisema kwa huruma kabisa, kama mtu anayekuambia shati lako limetoboka. Walikuwepo pia waliotupenda, tena kwa dhati. Mmoja aliandika kwamba amemtambua bosi wake wa zamani hadi kwenye jinsi anavyofunga mlango. Hao walikuwa wachache na wengi wao walikuwa wametazama sehemu tano au sita. Waliolalamika juu ya urahisi wengi waliishia ya kwanza.

Tofauti hiyo niliiona. Sikuiandika. Niliyachanganya yote kwenye jedwali moja, aliyeonja kijiko na aliyemaliza sahani wakakaa mstari mmoja.

Na fomu ya maktabani niliitunga mimi. Swali la kwanza lilisema: “Je, mwonekano wa tamthilia umekuridhisha?” Ukimuuliza mtu kuhusu mwonekano atakujibu kuhusu mwonekano. Watu wakajaza taa, rangi, kuta. Nikapeleka mezani jedwali safi lililothibitisha kile nilichokuwa nimekiuliza.

Uamuzi wa kwanza: picha

Fungu la msimu wa pili lilikuwa na nafasi ya kurekebisha jambo moja kubwa, si mawili. Kikao kilichukua muda mfupi. Jedwali langu lilisema picha, mtu wa kituo naye alikuwa amesema picha, na picha ina faida nyingine ambayo hakuna aliyeitamka: ukiibadilisha, kila mtu anaona kwamba fedha imetumika.

Mwandishi peke yake ndiye aliyepinga. Alitaja *Trailer Park Boys*, tamthilia iliyoanza 2001 kule Nova Scotia kwa kamera ya kushika mkononi, picha inayotikisika, watu wamevaa nguo zile zile mwaka mzima. “Ile inaonekana rahisi kuliko yetu, na watu wanaiabudu.” Akataja na *Corner Gas*, ya kituo cha mafuta katika kijiji cha Saskatchewan, ambayo sehemu yake ya kwanza Januari 2004 ilivuta watazamaji zaidi ya milioni moja, na ndani yake karibu hakuna kinachotokea.

Hoja yake ilikuwa nzuri, ila aliimalizia vibaya. Alisema watazamaji wetu hawana ladha. Kikao kikamwacha hapo, na hoja ikafa pamoja na tusi. Jibu la maana, ambalo nililipata miezi baadaye, ni kwamba kwenye *Trailer Park Boys* ubovu wa picha una mwenyewe. Hadithi inasema kuna watu wa filamu za uhalisia wanaowafuata hawa jamaa, kwa hiyo kamera ikitikisika ni mpiga picha wa ndani ya hadithi aliyekimbia. Kwetu kamera haikuwa na mwenyewe. Kilichopungua kilionekana kimepungua tu.

Wakakodi lenzi bora na taa, wakapaka ukuta mmoja rangi ya kijani kibichi iliyokolea, wakapiga upya maonyesho mawili kwa ajili ya tangazo la msimu ujao. Picha ilipendeza. Tulipoyaonyesha maktabani, maoni hayakusogea. “Bado kuna kitu.” “Nzuri, lakini bado kama ya wanafunzi.” Na wale wapenzi wetu wachache wakaanza kunung'unika kwamba ofisi imekuwa kama duka la samani.

Mama wa kiti cha nyuma

Jioni hiyo ya pili alikuwepo mama mmoja mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Alikuwa amekuja maktabani kumchukua mwanawe, mvua ikamzuia, akakaa nyuma kutazama. Aliposikia namsalimia mtu kwa Kiswahili kwenye simu, akaja kukaa karibu nami. Kwenye skrini ilikuwa sehemu ya maziwa: mhasibu anafungua friji, anainua pakiti, anaangalia mstari wake wa kalamu, anairudisha, anafunga. Sekunde nne za kimya. Ukumbi ulitakiwa kucheka, wakacheka wawili.

Mama akaniinamia. “Mdogo wangu, hawa watu hawatumike?”

Nikafungua daftari nikaandika: *waigizaji wa nyuma hawatumiki*. Nilidhani anasema wale watu wanne waliokaa kwenye meza za nyuma wamewekwa pale kama sufuria za mapambo, hawapewi kazi katika hadithi. Nikaona ni jicho kali hilo. Nikamwambia, “Kweli mama, hatuwatumii vizuri.”

Akanitazama kama mtu asiyeelewana na mtoto. Kwao kutumika ndiyo kufanya kazi. Alikuwa anauliza swali jepesi: hawa watu hawafanyi kazi? Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja, saa nane kwa siku, vifaa vya masikioni kichwani. Akaendelea kunieleza taratibu. Ofisi ya kuuza vipuri, na simu haijalia tangu amekaa. Hakuna printa inayokwama. Yule wa nyuma anafungua mdomo kuongea na mwenzake na hakuna sauti inayotoka. “Ni kama wamekufa, na hawajaambiwa.”

Kwenye daftari niliacha maana zote mbili. Zote zilikuwa sahihi, na ya pili ndiyo iliyotuokoa.

Kwa nini ofisi ilikuwa kimya

Asubuhi nilimpigia Fundi Sauti. Mkataba wake uliisha siku ya mwisho ya kupiga picha, kwa hiyo kikao cha maoni hakikumhusu na hakuna aliyemwalika. Alicheka sana, kicheko kisichokuwa cha furaha.

Alinipa hesabu yote ndani ya dakika kumi. Wakati wa kupiga picha kiyoyozi huzimwa, maana mvumo wake unaingia kwenye maneno ya waigizaji. Friji nayo huchomolewa. Yeye huweka funguo za gari lake ndani ya friji, ili asiweze kwenda nyumbani bila kukumbuka kuichomeka tena. Kwa hiyo kila mara mhasibu alipofungua mlango ule kwa hasira, ndani yake mlikuwa na pakiti ya maziwa ya moto na funguo za gari. Simu zote hukatwa. Waigizaji wa nyuma huambiwa wachezeshe midomo bila sauti ili maneno ya wakuu yabaki safi, na kuna sababu ya fedha pia: chini ya mikataba ya ACTRA, chama cha waigizaji, mtu wa nyuma akipewa mstari wa kusema huhamia daraja jingine la malipo.

Hakuna ubaya wowote katika hayo. Ndivyo inavyofanywa kila mahali, kwa sababu sauti za ofisi huja kuongezwa baadaye chumbani: mvumo, simu, viatu, manung'uniko ya watu. Kwetu hiyo “baadaye” ilikatwa kwenye bajeti wiki ya pili, na aliyeikata hakuwa amewahi kukaa kwenye chumba cha sauti. Juu yake ongeza sakafu tupu. Fundi alitundika mablanketi mazito nje ya picha, sauti za waigizaji zikapona kidogo, lakini kila kiatu kilichopita kilirudisha mwangwi wa chumba kitupu. Sikio linajua chumba kitupu, hata jicho likionyeshwa meza kumi na nne.

“Nilimwandikia mtayarishaji barua,” alisema. Na kweli aliandika. Niliikuta. Aya mbili, lugha ya mafundi tupu, vipimo vya desibeli, hakuna mahali aliposema: watu wataona tamthilia ni ya bei rahisi.

Uamuzi wa pili: sauti

Mhariri ndiye aliyependekeza tujaribu kabla ya kumwendea Mtayarishaji, na hili lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika. Alichukua ile sehemu ya maziwa akatengeneza tatu. Ya kwanza kama ilivyorushwa. Ya pili picha iliyopambwa, sauti ile ile. Ya tatu picha ya zamani isiyoguswa, ila sauti ya ofisi imewekwa: mvumo wa kiyoyozi, printa mbali, simu inayolia mara mbili na kunyamaza, watu wanaoongea bila kusikika wanasema nini.

Tuliita watu 12, wanne kwa kila moja. Watu 12 si utafiti, na hatukujidanganya. Safari hii fomu ilikuwa na swali moja: “Nini kimetokea?” Waliotazama ya kwanza na ya pili walieleza kisa cha maziwa kisha wakaongeza juu ya ubora bila kuulizwa. Waliotazama ya tatu walieleza maziwa tu, na wawili walibishana nani mwizi. Mmoja alimuuliza Mhariri kama tumehamia jengo jingine.

Mtayarishaji alitazama zote tatu, akanyamaza kidogo, akauliza lenzi zinaweza kurudishwa lini.

Matokeo

Msimu wa pili ulikuwa na kapeti, siku za kutosha za chumba cha sauti, na ukuta wa kijani ulirudishiwa rangi yake ya kuchosha. Malalamiko ya bei rahisi yalipungua kiasi cha mimi kuyasubiri na kutoyaona. Hatukupata watazamaji wengi wapya. Kituo kilibadilisha ratiba, na tamthilia ikaishia hapo, misimu miwili.

Yalizuka na mapya. Kanada vipindi vya televisheni hutakiwa kuwa na maandishi ya chini kwa wasiosikia, na maandishi hayo hutaja pia sauti. Mtazamaji mmoja kiziwi aliandika baada ya sehemu ya kwanza: maandishi yanasema simu inalia, lakini hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Je, ni mzaha? Haukuwa mzaha. Tuliibandika simu baada ya picha kupigwa, waigizaji hawakuwahi kuisikia. Walio na masikio walidanganyika, yeye hakudanganyika. Kuanzia sehemu ya nne msaidizi wa mwongozaji alikaa nyuma ya kamera na taa ndogo ya mezani. Akiiwasha, mtu wa meza ya tatu ananyanyua simu. Hapo ndipo wale waliokuwa hawatumiki wakaanza kutumika.

Uchambuzi

Makosa yalianza kwangu. Swali la fomu lilichagua jibu, na jedwali lilifuta tofauti kati ya aliyeacha mapema na aliyebaki. Nikipewa kazi hiyo tena, ningewauliza walioondoka dakika gani waliondoka. Tulipokuja kuchunguza barua za nyuma, wengi walitaja jambo lililomo ndani ya dakika nne za mwanzo, na dakika hizo kwetu ni bosi anatembea peke yake kwenye sakafu tupu.

“Bei rahisi” nalo ni neno la kushangaza. Mtazamaji wa kawaida hana msamiati wa sauti, kama vile mimi sina wa injini ya gari. Najua gari linaumwa, nasema linatetemeka. Fundi anayebadilisha usukani kwa sababu nimesema mikono yangu inatetemeka si fundi. Hata hivyo sitaki kumpa mtazamaji sifa asizostahili: wapo walioandika bei rahisi kwa sababu tu hawakuona sura maarufu, na hao hakuna kapeti ambayo ingewatibu. Kuwatenganisha na wengine kulihitaji kusoma barua nzima, na kuhesabu maneno hakukuweza.

Mpangilio wa mikataba ulifanya kazi dhidi yetu. Aliyejua jibu alikuwa ameshalipwa na kuondoka kabla swali halijaulizwa. Hili si la Kanada peke yake. Nimeliona hata kwa vijana wanaotengeneza vichekesho vya simu ya mkononi Sinza, Dar es Salaam: mshika maikrofoni huondoka na nauli yake, wahariri hubaki wakishangaa.

Kilichofanikiwa ni jaribio la Mhariri, na lilifanikiwa kwa sababu lilibadilisha kitu kimoja tu. Angeweka kwa pamoja sauti mpya na picha mpya, lenzi zingebaki zinalipiwa hadi leo.

Sauti ilikuwa na gharama yake ambayo hatukuipigia hesabu. Utani wa Mwandishi uliishi kwenye kimya, na ofisi inayovuma haina kimya. Sekunde nne za friji zilikuwa zimejaa printa na viatu. Ilibidi aandike upya, utani wake ukawa wa mdomoni zaidi. Baadhi ya wapenzi wa msimu wa kwanza hawakumsamehe, na mimi mwenyewe nikitaka kucheka huirudia ile ya zamani, na mwangwi wake wote.

Yule mama nilikutana naye tena kwenye onyesho la msimu wa pili. Nilimwekea kiti cha mbele, nikamwambia ofisi sasa inatumika kwa sababu yake. Alitazama dakika kumi hivi, simu zikilia huku na huku, akaanza kukusanya mkoba na mwamvuli.

“Mama, haijakupendeza?”

“Ni muzuri sana,” akasema. “Lakini sasa ni kama niko ku kazi. Mie nilikuya kupumzika.”